Waya Niliouvisha Soksi

Nimesikia kwamba pale yadi ya boti Raskazone mna utani wenu juu yangu, kwamba Mzee Paskali hapiti karibu na boti bila kuupapasa waya, kama mtu anayepapasa mbuzi mnadani. Ni kweli, na sina nia ya kuacha. Jumamosi iliyopita mmoja wenu, simtaji, aliniamkia shikamoo vizuri kabisa, na kabla sijamaliza marahaba akaniuliza, "Mzee, kila siku unatafuta nini humo?" Nikamjibu natafuta kilichopotea, akacheka. Nilipofika nyumbani Mabawa nikaona si haki kumwacha kijana na jibu la mkato. Basi nimekaa barazani na daftari, nawaandikia kadiri mambo yanavyonijia. Msitafute mpangilio. Kichwa changu siku hizi ni kama sanduku la spana baada ya kazi, kila kitu kimo ila hakuna kilicho mahali pake.

Nianze na lile linaloniuma, ili mjue ninakokwenda. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akipoteza macho. Alitaka kuona kitu kimoja tu baharini kabla macho hayajazima, na mimi nikamkosesha, kwa sababu ya kipande cha tepu nyeusi nilichokifunga kwa mikono yangu na kujisifia nacho. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze waya, maana wengine mmeanza kazi juzi.

Mlingoti wa boti ndogo ya tanga hausimami kwa nguvu zake. Umeshikwa na nyaya tatu. Mmoja unashuka mbele mpaka kwenye gubeti, pua ya boti, na mbili zinashuka ubavuni, kushoto na kulia. Kila waya ni nyuzi kumi na tisa za chuma zilizosokotwa pamoja, na chini kabisa unaingia kwenye kichwa cha chuma kilichobanwa kwa mashine. Sisi kile kichwa tulikiita kikombe, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake nyingine ambayo hakuna aliyeiomba: hupokea maji ya chumvi yanayotiririka na waya kutoka juu, huyaweka. Waya huanzia kufa hapo. Juu unang'aa hata unaweza kujitazama meno, chini umeoza. Na haufi kwa kishindo. Hukatika uzi mmoja leo, wa pili baada ya mwezi, na mlingoti umesimama vilevile.

Aliyenionyesha jinsi uzi mmoja unavyoweza kumtia mtu hasara ni mke wangu, Mama Neema, wala hakukusudia. Nyaya kuukuu tukizitoa kwenye boti nilikuwa nazibeba nyumbani zikawe kamba za kuanikia nguo. Nusu ya mtaa wetu walianika kwenye nyaya zilizowahi kufika Pemba, na hawakujua. Asubuhi moja Mama Neema akavuta kanga yake mpya kutoka kwenye waya, ikachanika toka pindo hadi katikati. Tulipotafuta tukaona uzi mmoja wa chuma umechomoza, mfupi kama ukucha wa mtoto mchanga.

"Hizi ndizo zinazowashikia watu mlingoti huko baharini?" akaniuliza.

"Hapana, mke wangu. Hizi tumeshazitoa."

"Mlizitoa kwa kuwa mliuona huu mwiba, au kwa kuwa zimezeeka tu?"

Nilimnunulia doti nyingine, lakini mpaka leo ile ya kwanza anaisimulia kama ndugu aliyefariki.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Mzee Hiza, Mbondei wa upande wa Muheza, Mungu amrehemu. Kabla ya boti alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, upande wa kuanikia. Mimi mwenyewe nimezaliwa kwenye shamba la mkonge. Baba yangu alitoka Kigoma kuja kuukata, na hata leo ikinipata harufu ya mkonge mbichi narudi kuwa na miaka saba. Mnajua singa, zile nyuzi za mkonge, zinavyoanikwa: mistari ya nyaya uwanja mzima, nyeupe mpaka macho yanauma. Mzee Hiza aliona hukohuko kwamba waya uliokatika uzi huing'ang'ania singa, hauiachii. Alipohamia Raskazone alikuja na akili hiyohiyo. Mfukoni alikuwa na kishungi cha singa za mkonge. Unakizungushia waya, unakipandisha taratibu kuanzia kikombeni mpaka mkono unapofika, kisha unakishusha. Kikipita laini, sawa. Kikinasa hata unywele mmoja, basi uzi umekatika, na waya unabadilishwa siku hiyohiyo.

"Na usitazame," alikuwa akiniambia.

"Nitazame wapi basi, mzee?"

"Popote. Tazama meli zile. Macho yana haraka, Paskali. Yanataka kusema ndiyo, yaende kula. Mkono hauna njaa."

Kwa hiyo miaka yangu ya mwanzo niliimaliza nikipandisha na kushusha singa huku nikitazama bahari, na sijaona kazi tamu kuliko hiyo. Saa nne asubuhi maji ya ghuba yanakuwa na rangi ya chai ya maziwa karibu na mikoko, mbele yake kijani, mbele zaidi buluu. Mkono unapanda wenyewe, unashuka wenyewe. Unasahau kama una mwili. Nimewahi kumaliza boti tatu namna hiyo nikadhani niko ya kwanza. Mchana upepo ukiingia, nyaya za boti zote pale yadini zilikuwa zinaanza kuvuma pamoja, ndogondogo, na mimi nikilala kidogo chini ya trela nilikuwa nazisikia mpaka ndani ya usingizi. Hata sasa, nikiwa Mabawa kitandani, kuna mchana nazisikia. Mama Neema ananiambia ni bodaboda.

Sasa niwaambie ujinga wangu wa sikio. Nilikuwa naimba besi kwenye kwaya ya parokia, na nikagundua kwamba nyaya za ubavuni zikikazwa sawasawa, ukizigusa kwa kidole zinatoa sauti moja. Wa kushoto ukiimba juu kuliko wa kulia, mlingoti umevutwa kushoto. Basi nikawa sipimi kwa futi tena. Napiga magoti ndani ya boti, naugusa waya, naiitikia sauti yake kwa mdomo, nauendea wa pili, nakaza mpaka zipatane. Siku moja mgeni mmoja alinikuta nimefumba macho namwimbia waya, akadhani nasali. Alivua kofia akasimama kwa adabu mpaka nilipomaliza. Njia hiyo ni nzuri kwa kunyoosha mlingoti, itumieni, ila isiwadanganye kwa jambo jingine. Waya unaokufa huimba vizuri sawasawa na mzima. Mimi nilichelewa kulijua hilo.

Boti za trela zina maradhi yake. Watu hudhani bahari ndiyo inayomaliza waya. Kwa boti inayokokotwa, barabara inamaliza zaidi. Mlingoti umelazwa, nyaya zimelegea, na kila tundu la barabarani waya unapinda palepale unapoingia kikombeni, unanyooka, unapinda tena. Zamani ile njia ya Pangani ilikuwa vumbi na mawe, ukifika unajisikia umepigwa. Mtu amefunga mlingoti vizuri, nyaya ameziacha zining'inie kama mlenda. Zifungeni kwenye mlingoti kwa matambaa, kila urefu wa mkono, na kikombe kikae kimelala kwenye kitambaa, kisipige chuma. Mkifika, kabla ya kusimamisha mlingoti, papaseni. Siku hizi nawaona mnapiga picha kikombe kwa simu, mnaikuza kwa vidole viwili, mnaitazama mko kivulini. Nzuri, sipingi. Lakini picha nayo ni macho.

Basi, tepu.

Nilianza kwa nia njema. Ncha za kotapini, vile visumari vya miguu miwili vinavyozuia kikazio, ile skrubu ya kukazia waya chini ya kikombe, kisijifungue, zilikuwa zinawachana watu miguu na kutoboa matanga. Nikazifunga kwa tepu nyeusi, na hapo hapakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kupendeza. Nikaona mbona ile sehemu ya kikombe inaonekana vibaya, nikaifunga nayo. Nikapanda juu yake kiasi cha shibiri moja, nikizungusha tepu kwa kuipandanisha, laini, bila mkunjo. Ikapendeza sana. Wageni wakasifu. Bwana mkubwa wa yadi akaleta watu kuwaonyesha. Mzee Hiza alikuwa amestaafu wakati huo, na alipokuja kututembelea na mkongojo wake alisimama mbele ya boti yangu muda mrefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hizi umezivisha soksi?"

"Ni kinga, mzee. Maji ya chumvi yasiingie."

"Maji yanatoka juu, yanashuka na waya. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Yakifika kwenye soksi?"

"Hayaingii, mzee. Nimekaza."

Akatoa kishungi chake cha singa akanipa. Nikakipandisha kutoka chini, kikapita juu ya tepu laini kabisa. Nikamtazama kwa furaha. "Unaona?"

"Naona tepu," akasema, akaenda zake kutafuta kahawa.

Nilicheka. Nilikuwa fundi mkuu wakati huo, nina sanduku langu lenye kufuli. Nilijiambia mzee amezeeka.

Asumini ilikuwa boti ya Bwana Badru na mkewe, Bi Zarina. Walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, na duka lilikuwa limewachukua maisha yote, lakini Bi Zarina alikuwa mtu wa bahari kuliko mumewe. Yeye ndiye aliyeipa boti jina. Katika ujana wao walikuwa wakiikokota mpaka Pangani, wanaiteremsha kwenye mchanga karibu na mdomo wa mto, halafu wanakwenda kulisubiri fungu. Mbele ya Pangani kuna fungu la mchanga ambalo maji yakijaa halipo kabisa. Maji yakianza kupwa, bahari inapauka mahali pamoja. Halafu unakuja mstari mweupe mwembamba. Halafu ni kisiwa, na unashuka unatembea juu yake, huna jirani. Bi Zarina aliniambia kwamba alipokuwa akifunga duka jioni na kichwa kinamuuma, hicho ndicho alichokuwa akikifikiria.

Akapata presha ya macho. Kwanza pembeni pakazimika, akawa anauona ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari akawaambia wazi kwamba hata hicho kilichobaki kitakwenda, na hakujua ni lini. Bi Zarina akaja yadini mwenyewe.

"Fundi, nataka kuliona fungu likitoka majini. Mara moja tu. Boti iko tayari?"

"Iko tayari, Bi Zarina," nikasema.

Zilikuwa siku za maleleji, upepo umetulia kabla ya mvua za masika na upepo wa kusi. Tulitoka Raskazone alfajiri, trela nyuma, mimi nimebanwa kiti cha nyuma na ndoo ya vifaa. Bi Zarina alikuwa mbele, amevaa mtandio wa rangi ya limau, anauliza kila baada ya muda tumefika wapi. Tulipofika Pangani kivuko kilikuwa kinavusha watu wa kwanza, na maji yalikuwa yameanza kutoka. Tulikuwa na saa moja tu ya kujiandaa. Nikasimamisha mlingoti, nikakaza, nikazigusa nyaya, zikaimba vizuri sana. Bwana Badru alikwenda kuegesha gari.

Bi Zarina akaja kupanda. Akanyoosha mkono kutafuta pa kushika, akaukamata waya wa kushoto, chini, penye tepu. Akaweka mguu mmoja ndani ya boti, kisha akasimama hivyohivyo.

"Fundi, njoo."

Nikaenda.

"Hapa ndani panasaga."

"Ni tepu tu, Bi Zarina."

"Mimi nimeshona nguo miaka yote. Uzi ukikatikia ndani ya pindo naujua. Hapa ndani kitu kinatembea." Akautikisa waya taratibu. "Shika."

Nikashika. Mwanzoni sikusikia kitu, kisha nikasikia: mkwaruzo mdogo, kama punje za mchanga zinazosagana. Nikaitazama ile tepu yangu, laini, nzuri, bila mkunjo. Macho yakasema ndiyo, twende.

Bi Zarina alikuwa ameelewa kabla yangu. Akanishika kiwiko, akasogea karibu. "Kama ni kidogo, usimwambie Badru," akanong'ona. "Twende turudi. Maji yanatoka, fundi. Mimi sina siku nyingine."

Nimewaandikia haya yote ili mfike hapo niliposimama mimi. Upande mmoja kuna mtu anayekuomba kwa sauti ya chini, na hakuna mwingine anayejua. Upande wa pili kuna vidole vyako. Nilitamani sana visiwe vyangu. Nikachukua kisu nikaikata tepu.

Yalitoka maji ya kahawia, kidogo, na harufu ya chuma kilichooza. Nikaimenya yote. Nyuzi zilikuwa zimekatika na kujikunja ndani ya tepu kama nywele za kipilipili, na nilipozihesabu zilizobaki nzima zilikuwa tano. Tano kati ya kumi na tisa, na nyingine nadhani zilikatika nilipokuwa nakaza asubuhi ile huku nikiimba. Nikakata tepu ya kulia, hali ileile. Wa mbele, ileile. Maji yalikuwa yameingia kwa juu kama alivyosema Mzee Hiza, hayakupata pa kutokea, yakakaa ndani ya soksi zangu msimu mzima yakila.

Bwana Badru alirudi akakuta tepu imetapakaa mchangani. "Arre, fundi! Si ulisema boti iko tayari?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Siwezi kuwapeleka, Bwana Badru."

"Funga kamba! Pangani hakuna kamba? Kamba ya mkonge, nene, mbili tatu, twende polepole!"

Nilifikiria hilo, na najua baadhi yenu mmelifikiria mkiwa mnasoma. Kamba inaweza kushika mlingoti kwenye maji yaliyolala. Lakini pale mdomoni, mto unapokutana na bahari, mawimbi yanasimama hata siku za shwari, na kamba mpya hunyooka. Mlingoti ukianguka, mimi ningeuona nikainama. Bwana Badru angeuona. Bi Zarina asingeuona. Nikamwambia mumewe hivyohivyo, mbele ya mkewe, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kusema. Akaenda kusimama mbali.

Bi Zarina aliomba kitu cha kukalia, nikampindulia ndoo yangu, akakaa uso umeelekea baharini. Kutoka pale fungu halionekani, liko mbali. Alikaa muda wote maji yalipokuwa yakitoka. Mimi nilishusha mlingoti, nikaziviringisha nyaya, nikaketi kwenye trela, na nililia. Nilidhani nimejificha. Njia ya kurudi ilikuwa ndefu na hakuna aliyeuliza tumefika wapi.

Nyaya mpya na vikombe vyake ziliagizwa kutoka Dar, zikachelewa. Zilipofika masika ilikuwa imeanza, na nyuma yake kusi, bahari ikachafuka. Mvua zilipokatika nikasikia kwamba Bi Zarina anatofautisha mchana na usiku tu, basi.

Nilivua soksi za boti zote za yadi, na nilikuta uozo kwenye boti nne zaidi. Sikumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Nikabadilisha nyaya za Asumini, na kwa kuwa mtaifanya kazi hii mara nyingi, niwaambie nilivyofanya. Msitoe zote kwa pamoja mlingoti ukiwa umesimama, badilisheni mmojammoja. Nyaya za ubavuni ni mapacha, mmoja ukifa na mwenzake atolewe, hata akijitetea. Msikate waya mpya kwa kipimo cha mkuukuu bila kufikiri, maana mkuukuu umenyooka kwa miaka na urefu wake ni wa uongo. Pimeni kikazio kikiwa katikati, ili mpate nafasi ya kukaza na ya kulegeza. Kotapini iwe mpya kila mara. Kikombe kiacheni uchi, kioneke, kikauke, kimwagieni maji baridi yasiyo na chumvi mkitoka baharini na mkitoka barabarani. Hizo kamba za kisasa mnazozipenda, zinazoshindana na chuma na huku ni nyepesi, nazo papaseni. Sijui bado zinafia wapi, ila lazima kuna mahali.

Maleleji yalipokuja tena niliwaona wote wawili langoni, Bwana Badru amemshika mkewe mkono. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ziko wapi?" Bi Zarina akauliza. "Nataka kuzigusa."

Nikamwongoza. Alizipapasa zote tatu kuanzia kikombeni, taratibu, uso ameugeuzia baharini. Mzee Hiza angempenda. Alichukua karibu nusu saa, na Bwana Badru alinunua madafu, akanywa lake, akanywa na la mkewe. Kwenye kikazio cha mbele akasimama.

"Hiki kisumari chako hakijafungua miguu."

Nikainama kutazama. Kweli, kotapini ilikuwa imeingia lakini sikuikunja ncha. Kisumari kingechomoka tukiwa baharini, kikazio kingejifungua, na waya mpya nilioupima mara tatu ungekwenda na maji. Nilikunja ncha kwa plaizi huku masikio yananiwaka moto.

Tangu siku hiyo hakuna boti ya yadi iliyokwenda Pangani bila Bi Zarina kuipitia nyaya, mpaka nilipostaafu. Alipata makosa yangu sita. Ya wengine sikuhesabu. Bado huja, ninyi mnamwona, yule mama wa mtandio anayesimama karibu na trela, na nimesikia kwamba mmoja wenu alimwambia, "Mama, hiyo tumeshaikagua." Simtaji huyo pia. Akija tena, mshikeni mkono, uongozeni mpaka chini kikombeni, mnyamaze. Hivyo ndivyo ninavyotafuta na mimi kila nikipita. Macho yangu nayo yameanza ukungu, na sitaki mikono yangu ianze kujifunza siku yatakapozima.

Tulikwenda Pangani siku ileile aliyokikuta kisumari, wote watatu. Tulivuka mdomo wa mto bila taabu, upepo ukiwa mdogo kiasi kwamba tanga lilikuwa likisinzia na kuamka. Tukafika, tukateremsha nanga, tukasubiri. Bahari ikaanza kupauka. Mimi nikaona ni wajibu wangu kumweleza, nikaanza: sasa kuna mstari, Bi Zarina, mweupe, mwembamba, unang'aa kama lulu.

"Usiniongopee, fundi. Wa kwanza huwa wa kijivu, umelowa."

Nikatazama vizuri. Ulikuwa wa kijivu. Yeye aliegemea ubavuni, mkono mmoja ameushika waya wa kushoto, anasikiliza. Maji yalikuwa yakinong'ona kwenye mchanga ambao bado haujatoka. Bwana Badru alikuwa amelala gubetini, kofia usoni. Nikaona nisiposema hapo sitasema tena.

"Bi Zarina, nisamehe kwa siku ile. Ni mimi niliyefunga ile tepu. Ulitaka kuona kitu kimoja, nikakunyima."

Mkono wake ulishuka na waya mpaka kikombeni, ukapanda, ukashuka.

"Siku ile nilikuwa naona bado, unajua," akasema. "Kidogo, hapa katikati. Sikukaa nikitazama bahari muda wote. Niligeuka. Nikakuona umekaa kwenye trela unalia, na kipande cha tepu kimekunasa kidoleni, unakikung'uta hakitoki. Wiki ileile katikati napo pakazima. Sikuona kitu kingine vizuri hivyo baada ya hapo."

Nikakitazama kidole changu.

"Mimi niliutaka mchanga, fundi," akasema, akaanza kucheka polepole, na machozi yakimtoka. "Nimebaki na wewe."

Akanyoosha mkono hewani kuutafuta mkono wangu, nikampa, nikamshusha juu ya fungu lililokuwa limeshatoka majini.